Wachambuzi wa data Mwanza, acheni kutuuzia maswali yetu wenyewe mkiyaita dhamira!

Wakuu, nimekasirika na leo nasema. Nimemlipa mtu laki tatu, anajiita mtaalamu wa uchambuzi, nikamkabidhi anitafutie dhamira, yaani hoja kuu, kwenye mahojiano ya akina mama wanaokausha dagaa Igombe na wale wanaouza pale Mwaloni Kirumba, mahojiano nimeyaandika neno kwa neno usiku umeme unakatika unarudi, leo ananiletea mti wa kodi (zile lebo unazobandika kwenye vipande vya mahojiano, si kodi ya serikali) ambao matawi yake makubwa ni Mtaji, Masoko, Changamoto, Mapendekezo. Jamani si ndo maswali niliyoenda nayo fildi! Sasa nimelipia nini?

Angalieni hii. Kuna mama kaeleza mvua ikipiga dagaa wakiwa bado mchangani wanaharibika, ila deni linabaki la kwake maana mwenye mtumbwi keshachukua chake asubuhi ile ile. Jamaa kaibandika "hali ya hewa", kaitupa kwenye Changamoto, basi. Mwingine kachukua kausha damu, ile mikopo ya riba kali, kwa siri mumewe asijue, ili giza likirudi (usiku usio na mwezi, dagaa ndo wanavuliwa) awe na hela ya kununulia, hiyo iko Mtaji. Wa tatu analia na madalali wanaoshusha bei wakijua mzigo uliolowa hauwezi kusubiri, hiyo iko Masoko. Watu watatu wanasema jambo moja, kwamba hasara ya ziwa inamwangukia anayekausha, na yeye kawatenganisha kwenye mafolda matatu bila hata memo moja, yaani maelezo mafupi ya mchambuzi, ya kuwaunganisha. Hoja kama hiyo ndo dhamira. "Changamoto" ni kichwa cha habari tu.

Halafu kodi za "bei ndogo", "bei mbaya" na "bei kushuka" zote zimekaa peke yake peke yake, hajaziunganisha wala hajasoma vipande vilivyomo aone kama kweli zinatofautiana. Na kuna "Mengineyo" imejaa kuliko zote!

Nikimuuliza ananijibu ndivyo programu ilivyotoa. Wee! NVivo, ATLAS.ti, MAXQDA, hata Taguette ambayo ni ya bure, zinatunza vipande na lebo ulizoweka. Ukiburuta kodi chini ya kodi kubwa na kuwasha kujumlisha, NVivo inakujumlishia vipande, ila vina maana gani, hapo unafikiri wewe mwenyewe. Na kwenye ATLAS.ti kodi moja inakaa kwenye makundi hata matatu kwa wakati mmoja, kwa hiyo asiniambie ilibidi achague pa kuiweka. Eti Changamoto ndo dhamira kuu kwa sababu ina vipande vingi, yaani mama mmoja akiwa muongeaji ndo kapata dhamira kuu?

Kwenye ripoti kaandika kafuata Braun na Clarke 2006, ile makala ya hatua za kuchambua dhamira. Hao hatua yao ya nne ni kukagua dhamira kwa kurudi kwenye vipande vyenyewe na data nzima, na wamesema wazi dhamira hazijitokezi zenyewe, mtafiti anazijenga. Huyu karudi wapi?

Kibaya zaidi kanipa picha za skrini tu, faili la mradi hataki kutoa, anasema niongeze hela. Data ni yangu, wale mama niliwaahidi mimi kwamba maneno yao yatakaa salama. Nataka faili lote, na kopi aliyonayo kwenye laptop yake aifute. Kama kuna mtu hapa Mwanza anakaa na mtu kipande kwa kipande mpaka dhamira inasimama, aje inbox, nalipa.