Naomba ushauri: niunganishe michango ya NSSF na PSSSF, au nichukue changu mapema?

Habari za jioni wakubwa. Nina miaka 44, naishi Mbagala. Nimechangia NSSF (mfuko wa pensheni wa sekta binafsi) miaka 9 nikiwa kampuni binafsi, yaani miezi 108. Sasa nimepata ajira ya serikali, nimeingia PSSSF, mfuko wa watumishi wa umma.

Shemeji yangu ananishikia bango nifuatilie ile hela ya NSSF tununue kiwanja Chanika. (Yeye kila tatizo dawa yake kiwanja.) Mimi nasita. Pensheni inataka michango ya miezi 180. Nikitaka kustaafu kwa hiari nikiwa na miaka 55, huku PSSSF nitakuwa na miezi 132 tu, haitoshi. Nikiunganisha napata 240. Kwa kanuni ya 1/580 (miezi ya michango mara wastani wa mshahara, gawanya kwa 580), wastani wa mshahara ukiwa 1,200,000, hiyo ni kama 496,000 kwa mwezi kabla ya kutoa mkupuo, ile sehemu inayolipwa mara moja unapostaafu. Nikivumilia hadi 60 nafikisha 192 hata bila NSSF, lakini kiuno hiki sikiamini.

Aliyewahi kuunganisha, ulianzia ofisi ipi? Barua ya mwajiri wa zamani ilihitajika? Wangu alikuwa anachelewesha michango, naogopa kukuta miezi imeruka.