MJADALA: Kura za wabunge zisomwe kwa majina, au tuendelee kusikia "ndiyo" isiyo na mwenyewe?

Mchuuzi wa Mwaloni (mleta mada)

Mwangaluka wakuu. Hapa soko la Mwaloni, Kirumba, Mwanza, ukiuliza nani alipitisha sheria fulani iliyotuumiza, kila mtu atakwambia mbunge wake hakuhusika. Na hakuna wa kumbishia.

Mfano ni tozo za miamala ya simu. Zilipita bungeni Juni 2021 ndani ya Sheria ya Fedha, makato yakaanza tarehe 15 Julai, shilingi 10 hadi 10,000 kwa muamala kulingana na kiasi. Sisi wa dagaa hela yetu inazunguka kwenye simu kabla gunia halijapakiwa: mnunuzi anatuma kutoka Tunduma, mimi namtumia mwenye mtumbwi Ukara, yeye analipa wavuvi wake. Kila hatua ilikatwa. Kelele zilipozidi, Septemba serikali ikapunguza asilimia 30. Sasa niambieni, mbunge yupi wa Mkoa wa Mwanza alikataa ile Juni?

Hamtajua, hata mkitafuta wiki nzima. Fungua Hansard, kumbukumbu rasmi za mijadala ya Bunge, nenda mwisho wa mjadala wa muswada wowote, utakuta maneno yaleyale ndani ya mabano: "Hoja ilitolewa iamuliwe", halafu "Hoja iliamuliwa na kuafikiwa". Imeisha hiyo. Spika anawahoji, wanaoafiki wanaitikia, wasioafiki wanaitikia, naye anatangaza sauti ipi imeshinda. Aliyeitikia kwa nguvu, aliyetazama simu yake na aliyekuwa nje anakunywa chai, wote wamepitisha. Azimio la makubaliano na Dubai kuhusu bandari, tarehe 10 Juni 2023, lilikwenda kwa sauti vilevile, ingawa makubaliano yale yalitaja bandari za maziwa pamoja na za bahari. Watu wa Mwanza yalituhusu.

Sehemu ambayo jina la mbunge husomwa kwa kawaida ni bajeti kuu. Katibu anaita mmoja mmoja, anajibu. Lakini ndipo penye gharama kubwa zaidi ya kukataa, maana Ibara ya 90 ya Katiba inampa Rais uwezo wa kulivunja Bunge likikataa bajeti. Nani atapiga kura ya kujirudisha jimboni kuomba kura upya kabla ya wakati? Kwa hiyo jina linasomwa pale ambapo "hapana" ni ghali, na linafichwa pale ambapo "hapana" ingewezekana. Mimi siamini hiyo ni bahati mbaya.

Msiniambie habari za kushika shilingi. Mbunge anashika shilingi ya mshahara wa waziri, yaani anatishia kuuzuia mpaka apate majibu, anafoka dakika zake, waziri anajibu, shilingi inarudishwa, na mchana huohuo "naunga mkono hoja mia kwa mia". Jimboni tunatumiwa kipande cha kufoka tu.

Ninachotaka ni viwili kwa pamoja. Kura za kodi, mikataba na maazimio makubwa zisomwe majina. Na mbunge akifukuzwa na chama kwa sababu ya kura yake, kiti kibaki. Ukisoma majina bila kumlinda, umemkabidhi kwa mnadhimu wa chama chake, yule anayewasimamia wabunge wafuate msimamo. Karibuni.

Kijana wa Igoma

Mkuu, 2020 CCM ilibeba majimbo 256 kati ya 264. Soma majina yote mpaka usiku, utapata orodha ya ndiyo, ndiyo, ndiyo. Halafu tuifanyie nini, tuitundike Buzuruga stendi?

Mzee wa Magu

Kijana wangu mleta mada, nimekusoma vizuri ila umeanza na mguu mbaya. Mimi sijawahi kumchagua mtu. Nachagua ilani, mtu ni mbebaji. Tazama daraja la Kigongo–Busisi, kilomita tatu juu ya maji, limefunguliwa Juni 2025. Unafikiri lilijengwa kwa hotuba? Kila mwaka lilikuwa na fungu ndani ya bajeti, na wabunge wa Lindi na Mtwara ambao hawavuki Busisi walisema ndiyo. Wangepiga kura kila mtu na kwao, tungekuwa bado tunasubiri kivuko na mgonjwa ndani ya gari.

Ugomvi upo, msidhani haupo. Upo kwenye kikao cha wabunge wa chama, milango imefungwa. Huko mbunge apigane mpaka atoke jasho. Akishindwa, atoke na msimamo mmoja. Mliosahau, 1993 wale G55, kundi la wabunge 55, walipeleka hoja ya serikali ya Tanganyika ndani ya Muungano na Bunge likaipitisha, wote ni CCM. Mwalimu akasimama kuwapinga. Tungewaachia, leo tungezungumza habari nyingine kabisa.

Wakili wa Nyamagana

Shikamoo mzee wa Magu. Naomba niongeze upande wa sheria, kwa sababu mleta mada ameugusa juu juu na ndio wenye uzito.

Ibara ya 71(1)(e) ya Katiba inasema mbunge anapoteza kiti akiacha kuwa mwanachama wa chama kilichompeleka bungeni. Huku kwetu kufukuzwa kumesomwa kama kuacha. Machi 2017 CCM ilimfukuza Sophia Simba, kiti chake cha viti maalumu (vya wanawake, visivyo na jimbo) kikaondoka. Julai mwaka huohuo upande wa Profesa Lipumba ndani ya CUF uliwafukuza wabunge 8 wa viti maalumu, Spika Ndugai akakubali ndani ya siku chache. Halafu Novemba 2020 Chadema ikawafukuza wanawake 19, Halima Mdee akiwa mmoja wao, siku tatu tu baada ya kuapishwa. Hao walikata rufaa chamani, wakaenda mahakamani, na wakabaki bungeni hadi muhula ulipoisha 2025. Ibara ni ileile. Kwa hiyo mbunge anayefikiria kwenda kinyume na chama hatazami Katiba, anapima upepo wa ofisi ya Spika.

Ng'ambo ya ziwa, Uganda, jambo hili lilipata jibu. Chama tawala NRM kiliwafukuza wabunge wanne mwaka 2013, Theodore Ssekikubo na wenzake, kikataka viti vyao. Mahakama ya Juu ikaamua 2015 kwamba aliyefukuzwa hajaondoka mwenyewe, kiti ni chake. Desemba 2017 walipopigia kura kuondoa ukomo wa umri wa rais, majina yakaitwa: 317 ndiyo, 97 hapana. Kati ya hao 97 walikuwemo wa NRM. Hawakushinda, lakini wanajulikana.

Dada wa Nansio

Mnawazungumzia wabunge wanaoasi chama kwa ajili yetu. Sisi Ukerewe tulimjua anayeasi wapiga kura. 2015 tulimpa kiti Joseph Mkundi kupitia Chadema. Oktoba 2018 akajiuzulu, akaingia CCM, akarudi kuwa mbunge wetu bila kupingwa. Hatukupiga hata kura.

Mleta mada, ukilegeza hiyo 71 yako, kesho mtu atahama chama akiwa bado amekalia kiti na hatarudi hata kwa hiyo njia ya bila kupingwa. Mimi hapo siungi mkono.

Mchuuzi wa Mwaloni

Dada yangu, soma tena nilipoandika: akifukuzwa. Anayeondoka kwa miguu yake arudi kwetu, na arudi kwenye uchaguzi wenye wapinzani. Anayetupwa nje kwa sababu alikataa tozo, huyo ndiye namtaka abaki. Hukumu ya Uganda aliyoitaja wakili ndiyo ninayoitamani hapa.

Kijana wa Igoma, orodha ya ndiyo tupu pia ni habari. Kenya, tarehe 25 Juni 2024, Muswada wa Fedha ulipita kwa 195 dhidi ya 106. Mtu wa Kisumu alijua siku ileile mbunge wake alisimama wapi. Kesho yake Ruto akakataa kuusaini.

Mzee wa Magu

Na Bunge lao likavamiwa, vijana wakapigwa risasi, mali za wabunge zikachomwa. Hilo umeliruka.

Mchuuzi wa Mwaloni

Sikuliruka, mzee wangu. Vijana walikuwa barabarani kabla kura haijapigwa. Orodha haikuwaua.

Karani Mstaafu

Mbona hakuna anayetaja kura ya siri? Kama tatizo ni hofu ya chama, basi mfiche mbunge na chama chake. Bunge Maalumu la Katiba la 2014 lilimaliza wiki kadhaa kwa jambo hili moja. CCM walitaka wazi, wapinzani walitaka siri, mwisho kanuni ikaruhusu kila mjumbe achague. Hapo ujue wakubwa wanaogopa nini.

Wakili wa Nyamagana

Karani, siri inaficha pande zote mbili. Waziri Mkuu huthibitishwa kwa kura ya siri. Mwaka 2015 Kassim Majaliwa alipata ndiyo 258 na hapana 91. Upinzani wakati ule ulikuwa na wabunge zaidi ya 100. Hapana zilikuwa chache hata kuliko wapinzani wenyewe! Walikuwa nje ya ukumbi au walisema ndiyo gizani, wapiga kura wao hawatajua kamwe. Kwa kumchagua mtu, sawa, siri. Kwa sheria inayonikata hela, hapana.

Mtu wa Musoma

Mnasahau Aprili 2012. Zitto Kabwe alikusanya saini za kumwondoa Waziri Mkuu Pinda, Ibara ya 53A inataka asilimia 20 ya wabunge. Wa CCM walioweka saini ni Deo Filikunjombe wa Ludewa na mzee wetu Nimrod Mkono wa Musoma Vijijini. Spika Makinda akasema taarifa ya siku 14 haijatimia, hoja ikafia mezani. Lakini mwanzoni mwa Mei Kikwete akapangua baraza la mawaziri, kadhaa wakaenda na maji. Majina yenyewe yalitosha, kura haikupigwa. Na Mkono 2015 akarudi bungeni kupitia Butiama, kwa CCM hiyohiyo.

Kijana wa Igoma

Huyo ni Mkono, na enzi zile ni zile. Jirani zetu wa jimbo la Kisesa, kule Simiyu, wamemwona mbunge wao Luhaga Mpina. Juni 2024 alimvaa Waziri wa Kilimo kwenye sukari, akafungiwa vikao 15. Mwaka uliofuata jina lake halikurudi kwenye vikao vya chama. Hakufukuzwa, kwa hiyo hiyo hukumu ya Uganda isingemsaidia kitu. Walisubiri tu muhula uishe. Hapo mleta mada una dawa gani?

Mchuuzi wa Mwaloni

Mgombea binafsi, asiye na chama. Mchungaji Mtikila aliidai haki hiyo mahakamani toka miaka ya 90, na Mahakama ya Afrika iliyopo hapo Arusha ilimpa haki Juni 2013. Chama kikimkata, asimame mwenyewe Kisesa tuone. Mpaka leo haijaingia kwenye sheria zetu, na mnajua ni wabunge wa aina gani wanaotakiwa kuipitisha.

Mzee wa Magu

Nitakupa nusu. Kura za kodi, soma majina, sina shida, mwenye kupandisha kodi ajulikane. Bajeti tayari yanasomwa. Ila mgombea binafsi utaleta matajiri wa mabondo ya samaki watakaonunua jimbo zima, na huyo hatakuwa na hata chama cha kumkemea.

Dada wa Nansio

Kabla hamjagawana nusu nusu, kuna watu hamjawagusa. Bunge lililopita lilikuwa na viti maalumu 113. Hao jina linapangwa na chama na kukatwa na chama. Mkishasoma kura zao, orodha hiyo mtaipeleka jimbo gani?