Kasa mmoja, fomu tatu: tuandikeje kwenye daftari la BMU?

Katibu_Kilwa: Wakuu, salaam. Mimi ni katibu wa BMU (kikundi cha wanakijiji cha kusimamia uvuvi), kijiji kimoja cha pwani ya Kilwa. Mwaka huu tumepokea wageni wa ofisi tatu, kila mmoja na fomu yake, wote wanauliza habari za kasa. Mmoja alitaja Ramsar, wa pili CITES, wa tatu bayoanuai. Namba tulizotoa hazifanani: mmoja alipewa viota, mwingine mayai, mwingine kasa walionasa kwenye jarife, ule wavu mkubwa wa kunasa samaki. Naogopa zikifika juu tutaonekana waongo, na vijana wanakesha kweli kulinda viota. Tufanyeje?

MdauMikoko: Pole katibu. Hiyo yote ni mikataba ya kimataifa ya mazingira, na kila mkataba una swali lake. CITES ya 1973 inauliza biashara ya kuvuka mpaka. Kasa wote wa baharini wamo Kiambatisho cha Kwanza, kuwauza nje kibiashara ni marufuku. Upo pia mkataba wa Bonn wa 1979, unafuata wanyama wanaohama. Ramsar inaangalia eneo oevu, na eneo la Rufiji-Mafia-Kilwa liliorodheshwa 2004. Bayoanuai, yaani viumbe hai wa kila aina, inabeba yote, ndiyo yenye yale malengo 23 ya Kunming-Montreal ya 2022. Shida ni kwamba hapa nchini milango ni tofauti: bayoanuai iko Ofisi ya Makamu wa Rais, CITES Wizara ya Maliasili, na nyie BMU mko Uvuvi. Wasipoongea huko juu, mzigo unawashukia nyie.

BintiPwani: Wekeni daftari moja, tukio moja mstari mmoja: tarehe, mahali, aina ya kasa, kilichoonekana, aliyeona. Mgeni akija anakili humo na kusaini. UNEP, shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, wana mfumo uitwao DaRT wenye wazo hilohilo, nchi inaweka taarifa mara moja na kuzitumia kwenye ripoti za mikataba mingi. Na tafadhali sana, msifukue kiota ili mgeni apate idadi ya mayai! Subirini watoto watoke, ni kama miezi miwili, ndipo mhesabu maganda.

Katibu_Kilwa: Ahsante dada. Na zile namba zilizokwishatoka?

MdauMikoko: Msizirekebishe kwa kukisia. Andikeni barua moja kwa ofisi zote tatu, nakala kwa afisa uvuvi wa wilaya, mkieleza kila namba ilihesabu nini.

Katibu_Kilwa: Kikao ni kesho jioni, nitalipeleka. Kasa aliyenasa akaachiwa hai, naye aandikwe?

BintiPwani: Aandikwe, pamoja na aina ya wavu. Mkiandika waliokufa tu, hakuna atakayejua jarife linawanasa mara ngapi.