Naomba ushauri: nimemaliza prednisoloni, sasa sina raha kabisa

Habari zenu wapendwa. Nimetumia prednisoloni kwa miezi mingi kwa ajili ya pumu, daktari akanipunguzia dozi kidogo kidogo hadi nikaacha. Kifua kimetulia, namshukuru Mungu. Shida ni hali iliyonijia baadaye: naamka sina hamu ya chochote, viungo vinauma, machozi yananitoka bila sababu. Simu ikiita naiangalia tu mpaka inakatika. Mimi si mtu wa hivyo, hata mwenzangu ameanza kuogopa.

Nilielezwa kuwa dawa hii hufanya kazi ya kortisoli, homoni inayotengenezwa na tezi zilizo juu ya figo. Ukiitumia muda mrefu tezi hizo hulala, na kuamka kwake huchukua wiki, hata miezi. Nikipata kizunguzungu nikisimama, au kutapika, niwahi hospitali. Hayo sina.

Sasa jirani anasisitiza ni upungufu wa vitamini. La vitamini D linaniingia akilini, maana steroidi, yaani dawa za jamii ya prednisoloni, hupunguza ufyonzaji wa kalsiamu, ndiyo maana wengi hupewa vidonge vya vyote viwili. Lakini je, ndiyo inayoninyima raha? Sitaki kumeza kwa kubahatisha; vitamini D ikizidi mno nayo hudhuru figo.

Mliopitia hali hii, mlipimwa nini kwanza: vitamini, au kortisoli ya asubuhi? Na furaha ilirudi baada ya muda gani? Natanguliza shukrani.