Yogati ya Kigiriki, iliyogandishwa tayari, au nigandishe mwenyewe? Naamua kabla ya Jumamosi

dada_wa_Donholm:
Habari za jioni wadau. Jumamosi nina shughuli nyumbani na badala ya aiskrimu nataka yogati ya kugandishwa. Nimeonja za supamaketi nikabaki na tatu:
1. Ya Kigiriki isiyo na sukari, kopo la gramu 500.
2. Iliyogandishwa tayari, vanila, kopo la lita moja kutoka friza ya duka.
3. Ya stroberi ya kawaida, nusu lita.

Ya tatu ndiyo tamu kuliko zote, inasimama kwenye kijiko kabisa, na bei yake iko chini. Nikiigandisha hiyo tu itakubali? Nichukue ipi?

Mzee wa Maziwa:
Dada, hapo umetuacha gizani. Watu wangapi? Wakubwa au watoto? Friji yako ina friza yenye mlango wake, au ni kile kisanduku cha ndani? Na orodha ya viambato kwenye kopo la tatu inasema nini?

Kusimama kwenye kijiko kusikudanganye. Yogati huwa nzito kwa njia mbili: ama maji yake yamechujwa yakatoka, ama yamefungwa humo humo kwa vitu vya kuzitisha kama wanga, jelatini au pektini. Soma protini kwa gramu 100. Iliyochujwa kweli huwa na kati ya gramu 8 na 10, ya kawaida 3 au 4. Kopo likiandikwa "Kigiriki" na protini ni 4, hapo unalipia wanga.

mama_Kasuku:
Mimi hata moja kati ya hizo tatu singenunua. Chukua yogati ya kawaida isiyo na sukari wala ladha, yoyote inayopatikana karibu nawe, Bio, Delamere, Fresha, mradi viambato viwe maziwa na bakteria basi. Tandika kitambaa safi cha pamba juu ya chujio, weka chujio juu ya sufuria, mimina, funika, weka kwenye friji usiku kucha. Kilo moja itakupa karibu nusu kilo nzito, na chini utakuta maji ya kijani-njano. Usiyamwage, yanakanda unga wa chapati vizuri sana.

Ukiamka ukute hakuna maji chini, jua kuna wanga au jelatini ndani. Kitambaa hakidanganyi.

Karakara254:
Njia ya haraka zaidi ni ayodini ya kwenye duka la dawa. Weka kijiko kimoja cha yogati kwenye kisahani, dondosha tone moja. Ikigeuka buluu iliyokolea au nyeusi, kuna wanga. Ikibaki kahawia, hakuna. Hicho kijiko mwaga, si cha kuliwa. Jelatini haionekani kwa ayodini, hiyo utaijua kwa mkato: ukichota, ukingo unabaki umekatika na kung'aa kama jeli, na ukiiacha mdomoni inayeyuka ghafla ikawa maji.

dada_wa_Donholm:
Samahani kwa kuchelewa. Ni sherehe ya kuzaliwa, watoto 12 na wazazi wachache. Mdogo kabisa ana miezi tisa. Familia mbili ni Waislamu. Friji ni ya mlango mmoja, friza ni kile kisanduku cha ndani. Kopo la tatu: maziwa, sukari, wanga uliorekebishwa, jelatini, rangi, ladha ya stroberi, bakteria.

Mzee wa Maziwa:
Basi la tatu limejiondoa lenyewe. Jelatini mara nyingi hutoka kwa ng'ombe au nguruwe, na kopo lisiposema asili yake wala kuwa na alama ya halali, usiwawekee wageni hao mezani. Na huyo wa miezi tisa asipewe chochote chenye asali, hata tone. Chini ya mwaka mmoja asali ina hatari ya sumu ya botulini, na kugandisha hakuiondoi. Mtengee yogati tupu isiyo na sukari.

FundiFriji:
Kisanduku cha ndani ndicho tatizo kubwa kuliko yogati yenyewe. Friza kamili hufika nyuzi 18 chini ya sifuri. Kisanduku hicho mara nyingi hakifiki hapo, na kila mlango wa friji ukifunguliwa joto linapanda. Yogati ikiganda polepole, maji yanapata muda wa kujikusanya kuwa chembe kubwa za barafu, na hizo ndizo zinazokwaruza ulimi. Hata namba 2 ukiinunua Ijumaa, kufikia Jumamosi mchana itakuwa imelegea.

Fanya hivi. Nunua mifuko ya barafu kwenye supamaketi au kituo cha mafuta, na chumvi ya mawe. Kwenye karai changanya barafu iliyopondwa mafungu matatu kwa fungu moja la chumvi kwa uzito. Mchanganyiko huo unashuka chini ya sifuri kuliko kisanduku chako. Zamisha sufuria ya alumini yenye yogati, koroga bila kupumzika, ukikwangua pembeni ambako inaganda kwanza. Sufuria ya plastiki usijaribu, haipitishi baridi. Angalia maji ya chumvi yasiruke ndani.

mama_Kasuku:
Na vipimo: yogati iliyochujwa kilo 1, sukari gramu 180, chumvi chembe. Koroga hadi sukari iyeyuke kabisa kabla ya kugandisha. Usipunguze sukari eti kwa sababu ya afya, ndiyo inayozuia isigande ikawa jiwe. Hiyo inatosha watoto 12, kila mmoja mchoto mmoja wa kijiko cha aiskrimu.

Matunda: embe lililopondwa ni zuri. Stroberi zichemshe kwanza na sukari kidogo hadi maji yapungue, la sivyo zinageuka vipande vya barafu. Nanasi na papai mbichi usithubutu, vimeng'enya vyake vinavunja protini ya maziwa na yogati inakuwa chungu. Nanasi likichemshwa halina neno.

Karakara254:
Nitetee namba 2, lakini kwa onyo. Kuna kopo nililouziwa na duka moja, sitalitaja, na yeyote anayenunua vitu vya friza ajue dalili zake. Nje lilikuwa sawa, tarehe bado mbali. Kulifungua: chini ya kifuniko tabaka la barafu kama manyoya meupe. Yogati imeshuka karibu vidole viwili kutoka ukingoni na imeegemea upande mmoja, maana yake iliyeyuka kopo likiwa limelala, ikaganda tena hivyo hivyo. Juu ilikuwa kama theluji kavu, na chini kabisa kulikuwa na sharubati inayonata isiyoganda, sukari yote imekimbilia huko. Ile hewa iliyopigwa ndani kiwandani ilikuwa imetoka, ndiyo maana kopo la lita likawa pungufu. Stima ilipotea dukani, friza ikazimika, ikarudi, na kopo likaendelea kuuzwa.

Kwa hiyo dukani: tikisa kopo. Likicheza ndani, rudisha. Bonyeza ubavu, ukilegea rudisha. Chota la chini kwenye friza, si la juu ya mstari wa kujaza. Na lichukue mwisho kabisa kabla ya kulipa.

Mkorogo:
Mnahangaika na yogati na mala, maziwa yaliyochachuka, iko hapo kwa bei nafuu. Ni kitu kimoja, chuja ugandishe.

Mzee wa Maziwa:
Si kitu kimoja, Mkorogo. Yogati inataka bakteria wa joto, maziwa yanachachuka kwenye nyuzi 42 hadi 45 kwa saa chache. Mala ni bakteria wengine, wanafanya kazi kwenye joto la kawaida la chumba na huchukua karibu siku nzima. Ukali wake ni tofauti na harufu yake ina siagi kidogo.

Mkorogo:
Tofauti ya nani? Ikichujwa na kutiwa embe, mtoto hatajua.

mama_Kasuku:
Mtoto atajua, Mkorogo. Ila mala iliyochujwa na pasheni inakubali, hilo nakupa.

dada_wa_Donholm:
Asanteni sana. Naelekea kwa mama Kasuku na karai la Fundi. Lakini Mzee, ile ya Kigiriki namba 1 protini ni 9, viambato ni maziwa na bakteria tu. Nikiitumia moja kwa moja naokoa usiku wa kuchuja, siyo?

Mzee wa Maziwa:
Ndiyo, hiyo ni halisi. Linganisha tu bei: makopo mawili yake dhidi ya kilo mbili za kawaida, kwa sababu kuchuja kunakula nusu.

FundiFriji:
Na usinunue barafu asubuhi ya Jumamosi. Inaisha mapema wikendi. Ijumaa jioni, kwenye kasha la povu, imefunikwa gazeti.

Mkorogo:
Kuna mtu amewahi kugandisha mursik, yale maziwa ya Wakalenjin ya kuchachushwa kwenye kibuyu? Ile ya mkaa, yenye rangi ya kijivu?