Skeli ya bluzi na skeli meja zinanichanganya, naombeni ushauri

Wakuu habari zenu, naomba msaada kwa wanaojua kinanda au gitaa. Skeli (mpangilio wa noti) meja ya C naijua vizuri tu, C D E F G A B, hiyo hata usingizini napiga. Shida ni bluzi (muziki wa blues). Nimefundishwa kwamba skeli ya bluzi ya C ni C, E flati (E iliyoshushwa nusu hatua), F, G flati, G na B flati, sasa mkono wa kushoto nikishika kodi (chord, noti zinazopigwa pamoja) ya C7 ambayo ndani yake ina E ya kawaida, halafu wa kulia unapiga E flati, mbona zinagombana lakini sikio linapenda? Nimejaribu kuteleza kutoka E flati kwenda E haraka haraka, hapo inanoga kweli ila sijui kwa nini. G flati ndo kabisa, nikikaa juu yake inaonekana nimekosea.

Maswali yangu: kwenye C7 naruhusiwa kuchanganya noti za skeli zote mbili au nichague moja? Na kodi ikihamia F7, ile E niiache, nibaki na E flati?