Kunyonyesha baada ya kupigwa picha za retina kwa rangi ya sindano

Muulizaji:
Habari zenu. Nina kisukari, na daktari wa macho ameagiza nipigwe picha za mishipa ya retina (utando wa ndani ya jicho kwa nyuma) baada ya kudungwa rangi ya fluoresini mkononi. Mwanangu ana miezi minne na hanywi chochote zaidi ya maziwa yangu. Nimeshauriwa nisimnyonyeshe kwa siku tatu. Je, ni lazima?

Mfamasia:
Hongera kwa mtoto, dada. Ni kweli kwamba fluoresini huingia katika maziwa na hukawia humo, kwani kwa mama mmoja aliyepimwa ilionekana hata baada ya saa 76, lakini kiasi chake kilikuwa kidogo sana kikilinganishwa na alichodungwa. Kwa mtoto mwenye afya wa umri huo, kwa kawaida hakuna haja ya kusimamisha kunyonyesha. Tahadhari ya kweli inamhusu mtoto mchanga, hasa njiti, anayetibiwa manjano kwa mwanga, kwa sababu rangi hiyo ikipigwa na mwanga mkali inaweza kudhuru ngozi yake.

Mkunga:
Naunga mkono. Kusimamisha ghafla huleta matiti kujaa na kuuma, na maziwa yenyewe huweza kupungua; hayo nayahofia zaidi. Hata hivyo mweleze daktari mapema kwamba unanyonyesha, maana baadhi ya kliniki zina kipimo cha OCT cha mishipa, yaani picha za jicho zinazopigwa kwa mwanga tu, kisichohitaji sindano, ingawa hakionyeshi mishipa inayovuja. Mkojo wako ukigeuka rangi ya chungwa kwa siku moja hivi, usishtuke.